Fundi wa Endasak Aliyeifufua Mashine ya Mvua

Oliva Akonaay hana cheti. Tuanze na hilo, ili anayetaka kuuliza kasomea wapi asisumbuke. Alimaliza kidato cha nne, matokeo yakaja ya kawaida, akarudi nyumbani Endasak kulima mahindi na maharage kama wenzake. Kompyuta kajifunza kwa kufungua zilizokufa. Sasa ana miaka thelathini na moja, ana meza moja kwenye baraza la duka lililofungwa karibu na kijiwe cha bodaboda, na ukiwa na laptopu iliyogoma, iwe unatoka Dirma au Nangwa, utaambiwa tu mpelekee yule dada.

Mezani ana bisibisi, mswaki wa zamani, chupa ya spiriti, kopo la skurubu za kila aina, na laptopu yake mwenyewe. Hiyo laptopu ukiiona unaweza kumwonea huruma. Nyeusi, nzito kama tofali, bawaba moja imekatika na kufungwa kwa waya. Imepita mikononi mwa watu watatu kabla yake na wote waliitelekeza.

Jirani yake hapo barazani ni Rahel, anayeuza chai, maandazi na maoni. Maoni anagawa bure.

Na kulikuwa na Gerald, ambaye alikuja karibu kila siku bila kuwa na kitu kibovu. Gerald ni afisa kilimo wa kata, kijana wa Iringa, kapangiwa Endasak mwaka juzi. Ana laptopu ile yenye alama ya tofaa lililong'atwa, ya rangi ya fedha, nyembamba kama sahani, anaibeba kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Alikuwa anakuja kunywa chai na kubishana.

“Yangu inawaka sekunde kumi,” alimwambia Oliva siku moja.

“Yangu dakika nne,” Oliva alijibu bila kuinua kichwa. “Hizo dakika nne nakunywa chai.”

“Chaji inakaa siku nzima.”

“Betri ikifa unaipeleka wapi?”

“Arusha.”

“Mimi nafungua hapahapa. Ina skurubu nane chini. Yako ina ngapi?”

Gerald akaligeuza tofaa lake kuangalia.

“Kumbe hujawahi kuliangalia chini,” Rahel akasema. “Umeoa mke hujui hata ana ndugu wangapi.”

Ubishi wa namna hii mnaujua. Kila penye kompyuta mbili utaukuta, na kwa kawaida hauna faida yoyote. Tofaa ni mashine nzuri, tusidanganyane. La Oliva ni tofali, nalo tusidanganyane. Lakini ipi inawaka haraka ni swali la watu wasio na kazi. Mwenye kazi anauliza ipi itanifanyia kitu ninachokitaka siku ninayokitaka. Kwa Oliva siku hiyo ilifika mwezi wa tisa.

Ilianza Jumatatu kwenye mkutano wa kata. Kulikuwa na mradi unaotaka kusimika kituo kimoja cha hali ya hewa cha kujiendesha, kinachopima mvua, upepo na joto chenyewe na kutuma majibu kwa simu. Kituo kimoja tu, na sharti moja: kiende mahali penye kumbukumbu za mvua za zamani, zisizopungua miaka kumi, ili za zamani zilinganishwe na mpya. Nangwa walikuwa na miaka minne, iliyoandikwa na mwalimu mmoja. Baltazar, mtendaji wa kata ya Endasak, akauliza kama kuna mtu hapa ana chochote.

Baba yake Oliva akasimama. Mzee Akonaay ana miaka sabini na minne na hasimami kwenye mikutano ovyo.

“Mimi nina miaka kumi na miwili,” akasema.

Habari yake wazee wanaijua, vijana hawaijui. Toka mwaka tisini na moja mpaka elfu mbili na tatu kulikuwa na mradi wa kilimo pale, wa wageni, na Mzee Akonaay ndiye alikuwa mpimaji wao. Kila asubuhi saa tatu kamili aliingia kwenye uzio mdogo wa waya, akatoa maji kwenye kipimo cha mvua, akayamimina kwenye chupa yenye mistari, akasoma, akaandika. Masika alikwenda, kiangazi alikwenda. Kiangazi watu walimcheka kwamba anaenda kupima hewa. Yeye aliandika sifuri na kurudi nyumbani. Kila Ijumaa bosi wa mradi, Mzungu mmoja waliyemwita Bwana Mvua, aliziingiza zile namba kwenye kompyuta. Mradi ulipofungwa Bwana Mvua alirudi kwao, kipimo kikaibwa na watu wa vyuma chakavu, na kompyuta akaachiwa Mzee Akonaay kama asante, pamoja na kopo la diski.

Gerald ndiye alitakiwa kuthibitisha, kwa sababu ndiye afisa.

“Sawa mzee. Karatasi ziko wapi?”

“Karatasi waliondoka nazo wao. Nakala zangu zililiwa na mchwa.”

“Sasa tutajuaje?”

“Niulize siku kubwa yoyote.”

“Kama ipi?”

“Tarehe kumi na sita, mwezi wa kumi na mbili, tisini na saba. Mvua iliyoondoka na daraja la chini. Milimita tisini na nne.”

Nyuma mtu akasema, “Milimita anazikumbuka, jina la mkwewe anasahau.” Watu wakacheka. Mkutano mzima ukacheka, hata waliompenda mzee, maana ilichekesha kweli.

Gerald hakucheka. Alitabasamu kidogo kwa heshima na kalamu yake ikabaki imelala juu ya daftari. Oliva alikuwa amekaa mstari wa pili na aliiona ile kalamu. Kicheko aliweza kukivumilia. Ile kalamu isiyoandika ndiyo iliyomchoma.

Baltazar akafunga. “Mzee, tunakupa mpaka Ijumaa saa nne. Ushahidi ukiwepo tunaupeleka. Usipokuwepo kituo kinakwenda Nangwa, na tusilaumiane.”

Kwa hiyo hali ilikuwa hiyo. Miaka kumi na miwili ya baba yake ama ingehesabika ni kazi, ama ingebaki kichekesho cha mkutanoni. Siku nne.

Nyumbani Oliva alimuuliza mama yake lile kopo liko wapi. Mama Fransiska akachukua kigoda, akapanda, akaingiza mkono darini juu ya mafiga, pale yanaponing'inia mahindi ya mbegu, akashusha kopo la maziwa ya unga jeusi kwa masizi.

“Mama. Juu ya moto?”

“Mbegu tunaweka wapi?”

“Mbegu ni mbegu.”

“Baba yako aliniambia hivi visipotee, iko siku vitatakiwa. Kitu usichotaka kiguswe na mchwa unakiweka kwenye moshi. Haya niambie kosa langu.”

Fundi yeyote angezimia. Zile diski, flopi za mraba zenye ukubwa wa kiganja, adui zake ni joto, moshi na vumbi, na mama yake alikuwa amezipa vyote vitatu kwa miaka ishirini kwa sababu alizipenda. Mfuniko alikuwa ameuziba kwa nta ya mshumaa. Ndani zilikuwa kumi na moja. Sita zimejikunja kama chapati. Mbili zilikuwa na ukungu. Tatu zilikuwa nzima kabisa, zinanuka moshi tu.

Kompyuta yenyewe ilikuwa imetunzwa kwa heshima. Ilikuwa juu ya kabati sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na wageni walikuwa wakionyeshwa. Macintosh ndogo, kijisanduku chenye kioo kama cha dirisha la choo. Oliva alipoifungua alikuta betri ndogo ya saa imepasuka na maji yake yamekula bodi. Iliyokaa sebuleni ilikuwa imeoza na zilizofukizwa jikoni zilikuwa zimepona. Mama Fransiska alipoambiwa alisema “aha” tu na kuendelea kupepeta maharage, ila hiyo “aha” ilikuwa ndefu.

Jumanne asubuhi Gerald alikuja barazani na tofaa lake. Hakuwa mtu mbaya, na mkutano ulikuwa umemkaa vibaya.

“Hiyo si Macintosh?” akasema. “Ni babu wa hii yangu kabisa, ukoo mmoja. Lete hizo flopi, tunamaliza sasa hivi.”

Oliva alikuwa na kisoma flopi cha kuchomeka, alichokipata mnadani Katesh chini ya gunia la nyaya, watu wakamuuliza anakipeleka wapi. Akakichomeka kwenye tofaa. Gerald akasubiri. Tofaa likasema diski haisomeki. Akajaribu ya pili, haisomeki. Ya tatu, haisomeki.

“Sasa inaniuliza kama niifute niianze upya,” Gerald akasema, kidole kikiwa karibu.

“Toa mkono.”

“Nilikuwa nasoma tu.”

“Toa mkono, Afisa.”

“Babu na mjukuu hawasalimiani,” Rahel akasema, akimimina chai. “Ukoo gani huo?”

Kazi ikahamia kwenye tofali. Oliva alikuwa ameondoa Windows zamani kwa sababu ilimwelemea, akaweka Linux, mfumo mwepesi wa bure, na huo haukuuliza maswali. Ulizisoma flopi tatu polepole, ukazinakili kama zilivyo. Majina ya mafaili yakaonekana. Moja lilikuwa programu aliyoitengeneza Bwana Mvua mwenyewe. La pili lilikuwa la mwaka tisini na nne. La tatu lilikuwa la mwisho, la elfu mbili na tatu, na lilikuwa kubwa, kwa sababu kila mwisho wa mwaka Bwana Mvua alikuwa ananakili upya kila kitu toka mwanzo. Miaka yote kumi na miwili ilikuwa kwenye flopi moja iliyonuka jiko.

Ila lilipofunguliwa zilitoka takataka. Herufi za ajabu, vijiti, alama za maswali. Zile namba zilieleweka na programu ya Bwana Mvua peke yake, na programu hiyo ilikubali kufanya kazi ndani ya Macintosh peke yake.

Mzee Akonaay alikuwa amekuja kukaa kwenye benchi la Rahel, kofia magotini. Oliva akamweleza.

“Baba, kuna programu inayoigiza. Nikiiweka humu, laptopu yangu inajifanya ni ile mashine yako. Programu ya Bwana Mvua ikiuliza wewe ni nani, inajibiwa mimi ni Macintosh.”

“Inadanganya.”

“Inaigiza, baba.”

“Tofauti yake?”

“Mwongo anasema yeye fulani halafu kazi hafanyi. Hii inafanya kazi yote ya yule inayemwigiza, hatua kwa hatua.”

Mzee akafikiri. “Basi iigize,” akasema.

Haikuwa rahisi hivyo. Kila kompyuta ina chipu moja inayoitwa romu, ambamo kuna maelekezo ya kwanza kabisa, yale mashine inayozaliwa nayo. Programu ya kuigiza bila romu ya mashine yenyewe ni sanduku tupu. Mtandaoni kuna watu wanagawana. Oliva alimaliza bando akapata mbili: moja ilikuwa ya mashine ya aina nyingine, ya pili ilikuwa na virusi. Akaona ni ujinga kuhangaika na ya mtu asiyemjua wakati yao iko mezani. Shida ni kwamba kuitoa kulihitaji ile mashine iwake. Dakika chache tu, lakini iwake.

Jumatano nzima alisugua bodi kwa mswaki na spiriti. Alitoa kapasita zilizovuja, vile vikopo vidogo vinavyohifadhi umeme kwenye bodi, akaweka alizozichomoa kwenye king'amuzi kibovu. Usiku akalala, maana mkono uliochoka unachoma bodi, na yeye hana bodi ya akiba. Alhamisi mchana akachomeka umeme. Kioo kikaleta mistari myeupe na myeusi kama pundamilia. Akazima, akasugua tena. Watu walikuwa wameshaanza kusogea: vijana wa bodaboda, akina mama wawili waliotoka kusaga, Gerald, na Mzee Akonaay.

Saa tisa mashine ikalia. Mlio mmoja mzito, halafu katikati ya kioo ikatokea picha ya kompyuta ndogo inayotabasamu.

Mzee akainuka benchini. “Hujambo,” akaiambia, kwa sauti ya chini sana, na hakuna aliyethubutu kumcheka.

Picha ile ikabaki inasubiri flopi. Mashine ile ina tundu moja tu la flopi. Na Oliva alikuwa ameshasikia harufu. Siyo kubwa, harufu ya plastiki inayoanza kupata joto, ambayo mafundi wote wanaijua na hawaipendi.

“Weka ya mvua,” Gerald akasema. “Haraka. Ikifunguka napiga picha kwa simu, ushahidi tayari.”

“Weka hiyo,” vijana wakasema.

Oliva alikuwa na flopi nyingine mkononi, aliyoiandaa asubuhi, yenye programu ndogo ya kunakili romu.

“Oliva,” baba yake akasema. “Weka ya mvua tuone.”

Huyo ni baba yake. Nyumba ile mtoto hasemi hapana kwa baba, hata akiwa na miaka thelathini na moja, hata mbele ya watu wawili, sembuse mbele ya kijiwe kizima. Na isitoshe baba alikuwa hakosei. Mashine ilikuwa inawaka. Picha moja ingeweza kutosha.

“Nisamehe baba,” akasema, akaingiza flopi ya romu.

Mstari mweusi ukaanza kutambaa kwenye kioo. Ukafika nusu. Moshi mwembamba ukatoka nyuma ya sanduku, kama wa sigara iliyosahaulika. Ukafika robo tatu. Mtu akasema zima hiyo, itatuunguza. Mstari ukafika mwisho, mashine ikaitema flopi yenyewe, Oliva akaidaka, na kioo kikajikunja kikawa mstari, mstari ukawa nukta, nukta ikapotea.

Mpaka leo haijawaka tena.

“Umeiua,” kijana mmoja akasema.

“Tulikuwa na dakika sita, dada Oliva,” Gerald akasema. Alionekana kuumia kweli. “Dakika sita nzima.”

Mzee Akonaay akavaa kofia yake, akashuka barazani, akashika njia ya nyumbani. Hakugeuka.

Sasa mtasema alikuwa mbishi. Sikilizeni. Picha ya simu ingeonyesha ukurasa mmoja, siku kama ishirini. Miaka kumi na miwili ni zaidi ya asubuhi elfu nne. Baba yake alitembea zote, na yeye akiwa mtoto alimwona akitoka na koti la mvua na kurudi suruali imelowa mpaka magotini. Asingekwenda ofisini kwa mtendaji kumtetea kwa asubuhi ishirini.

Watu walipotawanyika alikaa. Rahel akamwekea chai na hakusema neno, jambo ambalo halijawahi kutokea kabla wala baadaye. Oliva akaiweka romu kwenye programu ya kuigiza. Kidirisha kikafunguka, cheusi. Akarekebisha. Cheusi. Akasoma maelekezo upya kwa simu, mstari kwa mstari, akagundua kosa lake: alikuwa ameiambia programu mashine ina kumbukumbu kubwa kuliko ilivyokuwa nayo kweli. Kwa akili ya leo alidhani kubwa ndiyo bora. Akapunguza mpaka ikawa masikini kama ile ya sebuleni.

Ndani ya tofali jeusi lenye bawaba ya waya, kwenye kidirisha kidogo, ile sura ikatabasamu.

Oliva hakupiga kelele. Aliigeuza laptopu ili Rahel aone. Rahel akaangalia, akafuta mikono kwenye kanga, akasema, “Ndiyo ile ile?”

“Ile ile.”

“Lakini imekufa. Nimeiona ikifa.”

“Ile imekufa. Hii inaijua kazi yake yote.”

Likabaki jambo moja. Programu ya Bwana Mvua ilikuwa inachora mvua kwa vijiti, kijiti kimoja kwa kila siku, na ndani ya laptopu ya sasa ilichora miaka kumi na miwili kabla hujapepesa jicho. Huoni kitu. Oliva akatafuta sehemu ya kasi, akairudisha mpaka mwendo wa mashine ya zamani. Vijiti vikaanza kuota kimoja kimoja. Tofali lililosemwa halina mbio, ilibidi lipunguzwe mbio ili liende sawa na mzee.

Ijumaa saa nne ofisi ya kata ilijaa mpaka dirishani. Mzee Akonaay alikuja kwa sababu Mama Fransiska alimwambia asipokwenda atakwenda yeye. Alikaa kiti cha nyuma. Hakuwa amezungumza na binti yake toka jana.

“Shikamoo mzee,” Gerald alimsalimia mlangoni.

“Marahaba.”

Oliva akafungua laptopu mbele ya mtendaji. Dakika nne za kuwaka. Gerald hakusema chochote kuhusu dakika nne. Sura ikatabasamu, programu ikafunguka, vijiti vikaanza kuchora mwaka tisini na moja. Mwanzo patupu, kisha vifupi, virefu, halafu kiangazi, mstari mtupu unaokwenda na kwenda, kila siku na sifuri yake. Mzee akainuka kiti cha nyuma akaja mbele, akainamia kioo.

“Tupeleke kwenye siku yake,” Baltazar akasema. “Desemba, tisini na saba.”

Oliva akaenda. Orodha ya namba ikatokea. Gerald akaweka kidole kwenye kioo, akashuka nacho mpaka tarehe kumi na sita.

Sifuri.

Yule yule aliyetania mkutanoni Jumatatu akakohoa pale dirishani, na kilikuwa kikohozi chenye kicheko ndani. Oliva alihisi masikio yanapata moto. Kafufua mashine, kamkaidi baba yake, na sasa mashine ndiyo inamwita baba yake mwongo mbele za watu.

“Shuka mstari mmoja,” Mzee Akonaay akasema.

Gerald akashuka. Tarehe kumi na saba. Tisini na nne.

“Mzee, ulituambia kumi na sita.”

“Mvua ilinyesha kumi na sita. Ilikuwa Jumanne, ilianza mchana ikapiga usiku kucha. Mimi kipimo nilikifungua Jumatano saa tatu asubuhi, ndiyo kumi na saba. Inaandikwa siku uliyosoma. Bwana Mvua alinifundisha hilo siku ya kwanza kabisa. Alisema usiniandikie ulichosikia juu ya bati, niandikie ulichoona kwenye chupa.”

Gerald akatoa kidole kwenye kioo. Hayo aliyasoma chuoni, na aliulizwa kwenye mtihani, na nusu ya darasa walikosa. Watu wa mradi wa kituo nao walikuwa wameeleza hivyo kwenye fomu yao: kila kipimo kiandikwe na siku na saa kiliposomwa. Akamgeukia mtendaji.

“Mtu anayetunga angeandika kumi na sita,” akasema. “Siku ambayo kila mtu anaikumbuka. Kumi na saba anaiandika aliyekuwa pale na chupa.”

Akafungua daftari. Kalamu ikaanza kutembea. Iliandika ukurasa, ikageuza, ikaandika mwingine, na Oliva aliitazama muda wote huo kama mtu anayetazama chakula. Alipomaliza, Gerald akasimama, akainama kidogo.

“Shikamoo mzee,” akasema.

Walikuwa wameshasalimiana mlangoni. Wote walijua. Mzee akamwacha asubiri kidogo.

“Marahaba,” akasema.

Nje, njiani kurudi, baba na binti walitembea mpaka karibu na kisima.

“Jana nilikasirika,” Mzee akasema.

“Najua baba.”

“Ungenisikiliza tungepata picha.”

“Ndiyo baba.”

“Ya ukurasa wa kwanza. Januari, tisini na moja. Haikunyesha wiki tatu zote.” Akatembea hatua kadhaa. “Tungewapelekea sifuri ishirini.”

Msamaha wa Mzee Akonaay ni huo. Hakuna mwingine mrefu zaidi, na Oliva hakuhitaji.

Jumamosi Gerald alikuja barazani, akaweka tofaa mezani polepole.

“Fundi,” akasema, na lilikuwa neno jipya mdomoni mwake. “Hili langu nalo linaweza kuigiza?”

“Linaweza. Tena litafanya vizuri kuliko langu. Tatizo halikuwa tofaa, ulikuwa hujui uliulize nini.”

“Mbona hukuniambia Jumanne?”

“Jumanne ulikuwa unataka kufuta flopi.”

Akamwekea. Sura ikatabasamu kwenye kioo kile kizuri cha tofaa, nyeusi na nyeupe, ndogo, haina haraka. Rahel akainama kuangalia.

“Mjukuu kasalimia,” akasema.

Kituo kilikuja Endasak mwezi uliofuata. Walikisimika palepale kwenye uzio wa zamani, nguzo nne bado zilikuwepo. Na waliweka pembeni yake kipimo cha kawaida, cha mkono, kwa sababu hata mashine inayojiendesha inahitaji mtu wa kuikagua. Hawakuuliza nani atasoma.

Asubuhi ya kwanza Oliva alimwona baba yake anapandisha njia ya kijiweni, amevaa koti la mvua jua likiwa linawaka. Saa tatu na robo. Alifungua tofali, akasubiri dakika zake nne, akafungua mashine ya zamani ndani ya mpya, akateremka mpaka mwisho wa orodha. Mstari wa mwisho ulikuwa wa mwaka elfu mbili na tatu. Chini yake palikuwa wazi.

“Ngapi, baba?”

“Sifuri.”

Kijana mmoja wa bodaboda, amelala juu ya pikipiki yake, akasema, “Mzee, umetembea mwendo wote huo kuleta sifuri?”

“Nimekwenda nikaiangalia,” Mzee Akonaay akasema. “Wewe umeiangalia?” Akamgeukia binti yake. “Andika.”

Oliva akaandika.